Hosana Si Shangwe

Kokoo wangu alipoteza ng'ombe 19 kwenye ule ukame ulioanza mwisho wa 2020 ukameza misimu mitano ya mvua mfululizo. Kenya nzima mifugo zaidi ya milioni mbili ilikufa. Boma lake liko pande za Kajiado, na alipobaki na ng'ombe watatu tulimleta kwetu Kitengela apumzike kidogo. Ijumaa tukampeleka kesha.

Alianza kuomba kwa Kimaasai: "Naai, Naai..." Mhubiri akamshika bega, akasema kwenye maikrofoni, "Mama, hilo ni jina la mizimu. Sema Adonai. Sema El Shaddai." Kokoo akajaribu. Ilitoka "Elishadai", watu wakapiga makofi. Alipoketi hakuomba tena usiku ule.

Bado nina hasira. Biblia ya Kimaasai yenyewe inamwita Mungu Enkai. Tena Enkai ni neno lile lile la mvua. Mama amefiwa na ng'ombe kwa kukosa mvua, ana neno moja linalobeba Mungu na mvua pamoja, halafu unamnyang'anya umpe nywila?

Maana ndivyo tunavyoyatumia haya majina, kama nywila. Ukikosea herufi, mlango haufunguki. Na wanaoyauza hawayajui. Jehovah Jireh, iliyoandikwa kwenye nusu ya mathree na maduka ya saruji huku Kitengela, kwenye Mwanzo ni jina ambalo Abrahamu aliupa mlima. Jehovah Nissi ni jina la madhabahu ya Musa. Jehovah Shammah ni la mji, mwisho wa Ezekieli. Watu walipita kwenye shida wakapapa mahali jina, basi. Kwa desturi hiyo, hata kisima kilichomwokoa Kokoo mwaka huo kinastahili jina, na kwa Kimaasai.

Lakini linaloniuma zaidi ni Hosana. Sisi tunaimba tukiruka, leso juu. Kiebrania chake ni *hoshia na*: okoa, tafadhali. Ni neno la mtu maji yamemfika shingoni. Tumechukua mayowe tukayafanya shangwe, kisha mama akipiga mayowe ya kweli tunamnyamazisha.

Kama tunataka kuomba kama Waebrania, tuazime ujasiri wao wa kulalamika. Karibu theluthi ya Zaburi ni malalamiko. Ya 13 inamuuliza Mungu "hadi lini" mara nne kabla haijavuta pumzi. Ya 88 haina hata ushindi mwishoni. Kwa Kiebrania neno lake la mwisho ni giza. Jaribu kuomba hivyo kwenye kesha uone. Utaambiwa unakiri kushindwa, utawekewa mikono.

Jumamosi, tukiwa kwenye gari la kwenda Isinya, Kokoo aliniuliza, "Hao Wayahudi, wakiwa na shida wasijue hiyo lugha, walikuwa wanafanyaje?" Manze, ni swali ambalo marabi walishalijibu. Mishna, iliyokusanywa karibu mwaka 200, inaruhusu sala kuu za Kiyahudi zisemwe kwa lugha yoyote. Na wanawake wa Kiyahudi wa Ulaya walikuwa na vitabu vya sala kwa Kiyidishi, lugha ya jikoni na sokoni, waombee mimba na watoto wagonjwa. Wenye Kiebrania chao hawakukifanya geti. Sisi wa Kitengela ndio tumeweka soja hapo.

Sijasema tuache Amina na Haleluya. Hizo zimeshakuwa zetu, Kokoo anazisema bila kufikiri. Nasema tu kwamba wengi wetu vijana wa huku tunaona haya lugha za nyumbani, na hiyo haya tumeipaka mafuta tukaiita upako.

Kokoo hutoka nje alfajiri, kabla ya chai, mikono wazi, na anamuuliza Enkai maswali makali kuhusu wale 19. Anayetaka kumsahihisha tena aje saa hiyo, bila maikrofoni.