Kosa la Mtu Mmoja

Februari 2022, Mahakama Kuu ya Kerala, India, iliamua kwamba msimamizi wa kundi la WhatsApp hatiwi hatiani kwa sababu tu mwanachama ametuma picha za aibu. Uamuzi huo ni wa haki kabisa: msimamizi hapimi kila ujumbe kabla haujatumwa.

Haki hiyo haina budi iwafikie wanachama pia. Wako wasimamizi ambao, mmoja akitukana, huwafunga midomo mamia, kama mwalimu achapaye darasa zima kwa kelele za mtoto mmoja. Huo ni uvivu, wala si nidhamu. Mtukanaji anajulikana, aondolewe yeye. Tena tangu mwaka huo huo msimamizi anaweza kuufuta ujumbe wa mwanachama yeyote. Aliyeuona uchafu akauacha siku tatu atajibu nini?