Magofu Yenye Kumbukumbu



Mchezo wa video The Legend of Zelda: Breath of the Wild, uliotolewa na kampuni ya Nintendo ya Japani mwaka 2017, umejaa magofu. Hekalu la Wakati limebaki gofu. Katika uwanda wa Hyrule yapo mabaki ya shamba la farasi, nayo yanafanana na shamba la Lon Lon la mchezo wa Ocarina of Time wa mwaka 1998. Ziwa moja lina jina la Saria, rafiki wa utotoni wa shujaa Link katika mchezo huo wa zamani.

Wapo wasemao kwamba hivyo ni vyambo vya kuwanasa wateja wa kale. Mimi sikubaliani nao. Chambo huwekwa mahali kionekane, lakini hapa hakuna anayekueleza neno. Kijana aliyeanza jana hupita asipungukiwe na kitu. Aliyecheza tangu utotoni husimama, moyo ukamwuma. Mgeni hadharauliwi, wala mwenyeji hasahauliwi.

Basi, mzazi uliyecheza zamani, mwanao akipita hapo mbio usimkemee. Keti kando yake, umsimulie palikuwa na nini. Magofu hayajisimulii yenyewe.