Nani Kakwambia Wewe ni Panzi?

Mwezi huu naomba tuzungumzie hofu. Sina maana ya ile ya kukutana na nyoka njiani. Hiyo ni ya kawaida, tena inakusaidia kukimbia. Nazungumzia ile inayokukaba koo unapotaka kumwambia mchumba wako ukweli kuhusu madeni yako. Ile inayokufanya uliangalie tangazo la kazi kila siku mpaka tarehe ya mwisho ipite, hujatuma maombi. Ile inayokwambia ndoa ni ndoano, kwa hiyo bora ukae hivyo hivyo.

Hivi umewahi kuisikiliza vizuri? Utashangaa. Hofu ya namna hii haisemi sana kuhusu kile unachokiogopa. Inakusema wewe. Huwezi. Umechelewa. Watakuonaje?

Katika Biblia, kitabu cha Hesabu, sura ya 13 na 14, kuna kisa ambacho kila mwenye hofu angekisoma mara mbili. Musa alituma watu 12 wakaipeleleze nchi ya Kanaani, mmoja kutoka kila kabila. Walizunguka siku 40. Wakarudi na makomamanga, tini, na kichala cha zabibu kilichobebwa mtini na watu wawili. Yaani ushahidi kwamba nchi ni nzuri waliubeba mabegani mwao wenyewe!

Lakini kumi kati yao walisema haiwezekani. Miji ina ngome, na wapo wana wa Anaki, watu warefu kama nini. Kalebu na Yoshua walikuwa kwenye safari ileile, wakaona miji ileile na watu walewale. Hawakubisha kwamba majitu yapo. Walichosema ni kwamba Mungu yuko pamoja nao, basi twendeni.

Sasa angalia maneno ya wale kumi. Walisema walijiona wadogo kama panzi, na kwamba wenyeji nao waliwaona hivyohivyo. Swali langu ni moja tu: walijuaje? Nani aliwaambia? Walikwenda kwa siri, hawakukaa na jitu hata moja wakaliuliza. Walijidharau kwanza wao wenyewe, halafu wakaamini kwamba dunia nzima inawadharau.

Miaka ipatayo 40 baadaye, wapelelezi wengine wawili walifika Yeriko, wakafichwa na mwanamke aitwaye Rahabu. Huyu aliwaeleza jambo la ajabu. Watu wa nchi ile walikuwa wameishiwa nguvu kwa kuwaogopa Waisraeli, tangu waliposikia habari za Bahari ya Shamu kukauka. Kumbuka, bahari ilikauka kabla hata wale kumi hawajatumwa! Kwa hiyo inawezekana kabisa kwamba wakati wao wanajiita panzi, wenyeji nao walikuwa wanatetemeka.

Wangapi kati yetu tunaishi hivi? Dada anamkwepa mama mkwe mwaka mzima kwa sababu “hanipendi”, kumbe mama wa watu anahofia kuonekana msumbufu. Kaka hasemi kwamba mshahara umepunguzwa, anahofia mkewe atamdharau. Mke naye anaona mume kanuna tu, anaanza kuhisi kuna mwanamke mwingine. Wote wawili wanajibu maswali ambayo hakuna aliyeyauliza.

Tena hofu inaambukiza. Baada ya taarifa ya wale kumi, watu walilia usiku kucha, wakataka kuchagua kiongozi awarudishe Misri, kule kule kwenye utumwa. Ndivyo ilivyo nyumbani. Mmoja akiwa kila siku wimbo wake ni “haitawezekana”, baada ya muda nyumba nzima inauimba.

Ufanye nini basi?

Kwanza, tenganisha ulichokiona na ulichokidhania. Chukua karatasi, uandike. “Kodi inaisha mwezi ujao” ni ukweli. “Nitaaibika” ni dhana. Ukweli upangie mpango, dhana ipeleke kwenye maombi.

Pili, muulize mwenzio. Msiende kulala kila mtu na majitu yake. Ombeni pamoja, hata kama ni dakika tano, halafu mzungumze bila kushtakiana.

Tatu, usichanganye imani na ubishi. Watu walewale waliokataa kwenda walibadili mawazo asubuhi yake, wakapanda mlimani ingawa Musa aliwakataza, wakapigwa vibaya. Kuchukua mkopo mkubwa bila hesabu na kusema “Mungu atatenda” si ushujaa. Na kama hofu inakunyima usingizi wiki nzima, moyo unakwenda mbio bila sababu, muone daktari au mshauri nasaha. Kufanya hivyo si kupungukiwa imani. Mungu huyohuyo ndiye anayewatumia na hao.

Tusidanganyane, imani haiondoi majitu. Kalebu alikuwa na miaka 40 alipokwenda kupeleleza. Alisubiri jangwani kwa makosa ya wengine, akawazika wenzake wengi. Alipofikisha miaka 85 na nchi inagawanywa, angeweza kuomba bonde zuri apumzike. Yeye akaomba mlima wa Hebroni, palepale walipokuwa wakiishi wana wa Anaki, na akawafukuza.

Wewe je? Kuna mazungumzo gani umeyaahirisha? Kuna mlango gani hujabisha kwa sababu umeshajijibu kwamba hautafunguliwa? Mwezi huu chagua mmoja tu, piga magoti, halafu nyanyuka ukabishe.