LIKIZO NI YA NYUMBA NZIMA



Katika mkutano wa tawi letu mwezi uliopita, ndugu mmoja wa gangi alisimama akauliza kama Chama chaweza kuwasaidia wanachama kujua nyumba njema za wageni huko Pwani, nyumba za kulala na kupewa chai ya asubuhi, ili mtu akipata likizo aende na jamaa yake wakapumzike. Watu walicheka. Mmoja akasema hayo ni mambo ya wakubwa. Mwingine akasema afadhali tuzungumze habari za mishahara. Mwenyekiti akapita kwenye neno lingine. Sisi hatukucheka, na twataka kueleza sababu.

Likizo ni sehemu ya mshahara. Sheria ya Kazi ya mwaka 2007, kifungu cha 28, yasema kwamba mfanyakazi aliyetimiza miezi 12 kazini apewe likizo isiyopungua siku 21 za kazi, kwa malipo kamili. Akipatana na tajiri wake kuigawanya, sehemu moja isipungue wiki mbili mfululizo, ila kama mapatano yao yasema vingine. Ongezeko la shilingi mia twalipigania miezi sita, lakini siku hizi 21 twazitupa wenyewe. Wengi wetu huzipeleka nyumbani tukalima, tukajenga choo, tukahudhuria matanga matatu na harambee mbili, kisha tukarudi kazini tumechoka kuliko tulivyoondoka. Na mtu wa reli aliyechoka si hatari kwake peke yake. Mtu wa pointi akisinzia saa tisa za usiku, kila msomaji wa gazeti hili ajua yanayoweza kufuata.

Hatusemi watu wasiende nyumbani. Shamba lataka mkono wa mwenyewe, na wazee wetu wataka kutuona. Twasema tu kwamba siku nne au tano katika zile 21 ziwe za kupumzika kweli kweli.

Sasa, wapumzike wapi? Wengine hujibu upesi: Mombasa tuna ndugu, tutalala kwake. Ndugu mwenyewe ana chumba kimoja Changamwe na watoto wanne, na shemeji hawezi kusema hapana maana ni aibu. Wazee walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, nao walisema hivyo wakati nyumba zilikuwa na ua na ghala. Katika chumba kimoja cha kupanga, jembe lafaa kutolewa siku ya kwanza.

Wengine husema afadhali kukodi nyumba yenye jiko, maana kupika wenyewe ni rahisi kuliko kununua chakula. Jambo hili twalijua, maana tulilifanya. Mwaka juzi tulikodi nyumba ndogo upande wa Diani kwa siku tano, sisi na mama watoto na watoto wetu watatu. Hesabu ilikuwa njema. Tulinunua unga, mchele na samaki sokoni, na kila jioni tuliketi nje tukipigwa na upepo tukaona kuwa tumefika. Siku ya nne asubuhi tulikuwa tumelala mpaka jua limepanda. Tulipotoka tulimkuta mama watoto ameinama juu ya sufuria, chai ya kwanza imekwisha na masufuria ya jana yanangoja. Hakutugombeza. Aliuliza tu, "Baba Otieno, na likizo yangu mimi itaanza lini?"

Hatukuwa na jibu. Yeye ana kibanda cha mboga karibu na landhi. Hana tajiri wa kumwandikia barua ya likizo, wala kifungu cha 28 hakimtaji. Siku akifunga kibanda hapati kitu. Tulikuwa tumemtoa jikoni kwake, tukamsafirisha zaidi ya kilomita mia nne, tukamwingiza katika jiko lingine lisilo na kisu kikali. Tangu siku ile maoni yetu ni haya: nyumba ya kukodi yenye jiko ni likizo ya mume. Nyumba ambayo mtu mwingine apika chai ya asubuhi, akalipwa kwa kazi hiyo, ndiyo yaweza kuwa likizo ya nyumba nzima.

Tena si kweli kwamba nyumba za namna hii zilikuwa za wakubwa. Sisi wa reli twapaswa kulijua hili kuliko watu wengine. Huko Uingereza, reli ilifika mji wa pwani wa Blackpool mwaka 1846, na baadaye wafanyakazi wa viwanda vya pamba vya Lancashire wakawa wakienda huko kwa treni, maelfu kwa maelfu. Kila mji ulikuwa na wiki yake ya kufunga viwanda, na watu wa mji wakahamia pwani kwa pamoja. Hawakulala katika mahoteli makubwa. Walilala katika nyumba za kawaida, na wenye nyumba wengi walikuwa wanawake waliojipatia riziki kwa kukodisha vyumba. Zamani mgeni alinunua chakula chake mwenyewe, na mwenye nyumba akampikia tu. Wengine walitozwa hata kwa chumvi na pilipili iliyowekwa mezani. Kwa wengi wiki ile haikuwa na mshahara, maana sheria ya likizo yenye malipo ilipitishwa Uingereza mwaka 1938. Basi walifanyaje? Walichanga peni chache kila wiki, mwaka mzima, katika vyama vyao vya akiba, na wiki ya likizo ikifika wakagawiwa fedha zao. Hao hawakuwa wakubwa. Walikuwa watu wa mashine.

Hebu tuseme jinsi ya kuchagua, maana hapa ndipo wengi huliwa.

Kwanza picha. Siku hizi nyumba huonyeshwa katika simu, na picha hupigwa siku nyumba ilipopakwa rangi. Ndugu yetu mmoja wa karakana alituma nusu ya fedha kwa simu, kwa namba ya mtu binafsi, akafika na jamaa yake akaambiwa nyumba hiyo haijulikani mtaani. Usitume fedha kwa namba yenye jina lisilohusiana na nyumba. Piga simu, zungumza na mwenye nyumba kwa sauti yake, umwulize jirani yake ni nani na matatu gani yapita hapo. Mwongo huchoka upesi akiulizwa habari za matatu. Leseni ya kaunti iwe ukutani, ukifika, isome.

Pili, kitanda. Sisi tunaofanya zamu za usiku twajua thamani ya usingizi. Kabla ya kulipa zilizobaki, omba kuona chumba. Bonyeza godoro kwa goti, si kwa mkono. Tandua shuka. Shika chandarua ukitazame kwenye mwanga, maana Pwani malaria haijaondoka, na chandarua chenye tundu ni pambo tu. Washa pangaboi ulisikilize. Mengine hulia kama behewa lisilotiwa grisi. Kisha toka nje ujue kilicho karibu. Nyumba iliyo pua na mdomo na baa ya muziki haifai mtu wa kupumzika, hata ikiwa bei yake ni nusu. Wapo waliokwenda Mtwapa kutafuta utulivu. Twawapa pole.

Tatu, maji. Neno hili watu wa bara hawaliulizi, na ndilo kubwa. Mombasa ina taabu ya maji siku nyingi. Bomba la kutoka chemchemi za Mzima na yale mengine hayatoshi mji wote, na nyumba nyingi hutumia maji ya kisima yenye chumvi. Sabuni haitoi povu, na chai ikipikwa nayo haina ladha. Uliza: tangi lipo? Maji ya kupikia yatoka wapi? Mwenye nyumba mwema hujibu bila kukasirika.

Nne, hiyo chai ya asubuhi yenyewe. Kuna nyumba ambayo "chai ya asubuhi" ni kikombe cha maji ya moto na vipande viwili vya mkate, tena kwa watu wawili tu. Watoto walipiwe kando. Uliza ni chai ya nini, ya saa ngapi, na kama bei ni ya chumba au ya kila kichwa. Msimu nao utazamwe: mwezi wa Disemba na Pasaka bei hupanda, Aprili na Mei, wakati wa mvua za masika, hushuka, lakini jiandae kunyeshewa, na kusi huleta mwani mwingi ufukoni.

Mwaka jana mwezi wa Agosti tulijaribu tena. Tulipata nyumba upande wa Likoni, ya mama mmoja mjane, vyumba vitano, chumba cha vitanda vitatu kwa shilingi 2,800 kwa usiku. Tulivuka kwa feri, ambayo mtu wa miguu halipi. Asubuhi ya kwanza mama watoto aliamka saa kumi na moja kwa mazoea, akaenda jikoni kusaidia. Mpishi, mama wa makamo kutoka Msambweni, alimshika bega akamgeuza mlangoni. "Mamangu, rudi ukalale. Hii ni zamu yangu." Alirudi. Alilala mpaka saa tatu, jambo ambalo hatukuwahi kuliona tangu tuoane. Alipoamka alikuta mahamri, mbaazi za nazi na chai ya tangawizi, akala polepole, hakuna aliyemwita. Watoto tuliwapeleka sisi kuiona Ngome, ile ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, na yeye akabaki ameketi kibarazani akitazama meli zikiingia bandarini.

Lakini zamu ile ya mpishi nayo ni neno la Chama. Tulimwuliza siku nyingine, mwenye nyumba akiwa hayupo, kama ana siku ya kupumzika. Akasema Jumatatu ni yake, na mshahara haucheleweshwi. Tulifurahi. Sheria hiyohiyo ya mwaka 2007, kifungu cha 27, yampa kila mfanyakazi angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba, lakini Pwani wapo wengi wasioipata, na wapo wanaoachishwa kila mvua zinapoanza na kuitwa tena wageni wakirudi. Mtu wa Chama hawezi kupumzika juu ya mgongo wa mwenzake. Ukiona mpishi yuleyule wa alfajiri ndiye afuaye shuka mchana na kulinda lango usiku, hapo bei rahisi umeilipiwa na mtu. Na kama wenzetu wa hoteli wamegoma mahali, usiingie hapo hata kama umekwisha lipa. Wala usimwulize mfanyakazi mambo haya mbele ya tajiri wake. Utamwacha na taabu wewe ukishapanda treni.

Watauliza fedha zatoka wapi. Tutaziweka hesabu wazi. Nauli ya treni ya Nairobi mpaka Mombasa, daraja la kawaida, ilipanda Januari 2024 kutoka shilingi 1,000 hadi 1,500, na watoto wa miaka 3 mpaka 11 nusu yake. Kwenda na kurudi, wakubwa wawili na watoto watatu, tulilipa 10,500. (Wako wanaodhani mtu wa reli hupanda bure na jamaa yake yote. Wangetuona dirishani.) Usiku nne wa kulala ni 11,200. Chakula cha mchana na cha jioni, pamoja na magari ya mjini, tuliweka 7,000, na tulikula vibandani. Jumla 28,700. Kwa wiki 52 ni kama shilingi 552 kila wiki. Si kidogo kwa mtu wa mshahara wetu, na kuna wiki tatu hatukuweka kitu kabisa kwa sababu mtoto aliugua, tukalipa deni hilo baadaye. Lakini watu wa pamba waliweza kwa peni, kwa kuwa waliweka pamoja na kila mmoja aliona aibu kuwa wa kwanza kuacha.

Kwa hiyo twaomba tawi mambo mawili. Kwanza, iundwe akiba ya likizo, kando na mikopo ya kawaida, isiyotolewa kabla ya barua ya likizo kuonekana. Pili, kila mwanachama atakayerudi kutoka nyumba ya wageni aandike aliyoyaona: kitanda, maji, chai, bei, na jinsi wafanyakazi wa hapo wanavyotendewa.

Daftari la kazi hiyo tumekwisha linunua. Ukurasa wa kwanza tumeandika nyumba ile ya Likoni, pamoja na ubaya wake: ngazi zake ni kali kwa mzee, na chumba cha nyuma hakipati upepo. Litakuwa mezani kwa katibu wa tawi kila siku saa za chakula cha mchana, isipokuwa Jumapili. Kalamu imefungwa kwa uzi.