Goma: Amortiseri ngumu si amortiseri nzima

GOMA – Mwamotari wa Goma akisikia mbele ya pikipiki yake inagonga juu ya mawe ya volkano, jambo la kwanza analowaza ni kukaza. Fundi wa kando ya barabara anafungua kifuniko cha juu cha amortiseri, anaongeza rondela chache au kipande cha bomba juu ya resori, anamimina mafuta mazito ya injini, kisha anafunga. Pikipiki inasimama juu, inakuwa ngumu, na mwenyewe anaondoka akisema imepona. Haijapona. Hatari imeongezeka, na wa kuilipia ni yeye pamoja na abiria wake.

Kila mguu wa mbele wa pikipiki una vitu viwili vinavyofanya kazi pamoja. Resori inabeba uzito. Mafuta yanapunguza mwendo wa resori kwa kupita ndani ya matundu madogo, ili isiruke-ruke kila inapobanwa. Mafuta yakiwa machache au mepesi mno, gurudumu linadunda kama mpira wa watoto. Yakiwa mazito mno, mguu unachelewa kurudi chini baada ya jiwe la kwanza; linakuja la pili, la tatu, nao unazidi kuzama mpaka hakuna nafasi iliyobaki. Kwa namna zote mbili gurudumu linaacha kugusa barabara vizuri. Na pikipiki ikifunga freni kwa nguvu, gurudumu la mbele ndilo linalofanya sehemu kubwa ya kazi ya kusimamisha. Lisipogusa chini, freni haina kitu cha kushika na usukani haugeuzi kitu.

Zile rondela nazo zinadanganya. Hazibadilishi nguvu ya resori. Zinainua tu mbele ya pikipiki. Ikisimama juu kupita kiasi, gurudumu linakosa nafasi ya kushuka linapokutana na shimo. Tena abiria na mizigo hukaa nyuma, na uzito wao huangukia zaidi gurudumu la nyuma. Kukaza mbele kwa sababu ya mzigo ulio nyuma ni kumtibu kichwa mgonjwa wa tumbo.

Katika mji huu jambo hili lina uzito wa pekee. Mwaka 2002 lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji, na mwaka 2021 ikafika tena kwenye mitaa ya kaskazini. Mitaa mingi imebaki na mawe meusi yenye makali, na vumbi lake linakwaruza chuma kama msasa. Vumbi hilo likiingia kwenye mirija ya amortiseri, linakata ile mipira inayozuia mafuta yasitoke. Mafuta yanaanza kuteremka polepole. Wengi wanayapangusa kwa kitambaa na kuendelea na kazi, wakati yanaweza kufika kwenye freni, na freni yenye mafuta haishiki.

Wafundi wa pikipiki ndogo za mashindano hawaanzi kwa kukaza. Wanaanza kwa kupima. Kwanza wanaangalia upepo wa matairi, kwa sababu tairi lililolegea au lililojaa mno linaweza kuchukuliwa kuwa ubaya wa amortiseri. Halafu wanainua gurudumu la mbele hewani na kupima sehemu ya mrija inayoonekana. Wanaishusha pikipiki, mwendeshaji anakaa, wanapima tena. Tofauti ya vipimo hivyo inapaswa kuwa kati ya robo na theluthi ya mwendo wote wa amortiseri. Kama mwendo ni milimita 120, basi ni milimita 30 hadi 40. Mwishowe wanafunga elastiki kwenye mrija na kwenda kujaribu. Elastiki inaonyesha gurudumu lilipanda mpaka wapi. Ikifika mwisho kila mara, resori ni dhaifu au mafuta yamepungua. Ikibaki katikati hata kwenye mashimo makubwa, amortiseri ni ngumu mno. Wanabadilisha kitu kimoja tu kwa wakati, kisha wanarudi kwenye barabara ileile.

Kweli, pikipiki ya mashindano hubeba mtu mmoja, na ya Goma hubeba wawili, watatu, na gunia juu. Ndiyo maana inafaa kupimwa ikiwa na mzigo wake wa kila siku. Kazi hiyo yote inahitaji rula moja na elastiki moja. Hakuna fundi wa Goma anayeweza kusema vifaa hivyo vimemshinda.

Wako watakaosema barabara ndiyo mbaya, na serikali ndiyo ya kulaumiwa. Wana haki kuidai serikali barabara. Lakini mama mjamzito anayepelekwa hospitali leo usiku atapita kwenye mawe yaliyopo leo, na amortiseri ndiyo kitu pekee kilicho kati ya mawe hayo na mgongo wake.

Tatizo la kweli liko kwenye versema. Mwamotari analeta pesa kwa mwenye pikipiki kila siku au kila juma. Injini ikikwama, pesa inakatika, na mwenye mali anatengeneza haraka. Amortiseri ikifa, pikipiki bado inatembea na pesa bado inaingia. Basi gharama inaachiwa mwamotari, naye anachagua rondela kwa sababu ni bei nafuu. Huo si uzembe wake peke yake. Mwenye kupokea versema apokee pia jukumu la mipira na mafuta ya amortiseri.

Vyama vya wamotari vina nguvu ya kusimamisha mji mzima siku moja. Viitumie nguvu hiyo kuwabana wenye pikipiki waweke jambo hili kwenye mapatano: mafuta ya amortiseri yabadilishwe kwa wakati, aina iliyoandikwa kwenye kitabu cha pikipiki, kipimo kilekile miguu yote miwili. Soksi za mpira zinazofunika mirija zikichanika, zibadilishwe kabla vumbi halijaingia. Na abiria naye, kabla ya kupanda, ainame aangalie miguu ya mbele. Akiona mafuta yanateremka, amwambie mwamotari, kisha atafute pikipiki nyingine.