Kisa mluzi wa gari, staa kamwita fundi mwizi? Hapo kachemka!

Wiki hii povu limemwagika mitandaoni si mchezo. Mwigizaji mmoja wa kike wa filamu za Kibongo, jina kapuni, aliposti klipu akiwa ndani ya ndinga yake asubuhi asubuhi, injini inapiga mluzi wiiii kama filimbi ya refa, huku yeye analalama kwamba fundi mmoja wa Kinondoni "kampiga". Fundi alimbadilishia mkanda wa injini, akalipwa chake, siku mbili baadaye mluzi ukarudi vilevile. Sura ya kijana wa watu ikaoneshwa, na geti la gereji likaoneshwa. Kilichofuata mnakijua. Mashabiki walimchamba kijana mpaka mama yake mzazi wakamtia humo.

Mrembo huyu anapendwa na kazi zake ziko vizuri. Lakini kwenye hili kachemka.

Mluzi wa kuja na kuondoka unawatesa mafundi wote, wa chini ya mwembe na wa gereji za vioo. Unalia alfajiri gari likiwa la baridi, ukifika Mwenge kwenye foleni umeshanyamaza. Sasa mwanadada alipeleka gari saa nane mchana baada ya kuzunguka mjini kutwa. Injini ya moto, kimya kabisa. Fundi asikilize nini? Waliokuwepo pale gereji wanasema kijana alimwomba aliache gari lilale, aliwashe mwenyewe asubuhi. Akajibiwa kuna kushuti jioni, "wewe badilisha tu mkanda". Akabadilisha. Hiyo sehemu kwenye klipu haimo.

Mkanda wenyewe ni ule mweusi wenye mistari unaozungushwa na injini, nao unazungusha altaneta inayochaji betri, kompresa ya AC, na kwenye magari mengi pampu ya maji na ya usukani. Kwa hiyo kelele moja ina washukiwa kibao. Mkanda uliolegea au kuisha unateleza kwenye puli na kulia, hasa ukibebeshwa mzigo wa ghafla: asubuhi altaneta inaporudisha chaji iliyotumika kuwashia gari, au ukiwasha AC, au ukikata usukani mpaka mwisho. Mvua nayo inachangia. Ila hata mkanda mpya kabisa utalia kama puli imekaa upande, kama kuna oili au maji ya rejeta yanauvujia, au kama beringi ya puli mojawapo imekufa. Kubadilisha mkanda kwa kubahatisha ni sawa na kumeza dawa ya malaria kwa sababu kichwa kinauma.

Kilichokuja kubainika ndicho kinachouma. Gari lilipelekwa kwa mzee mmoja wa Gerezani, na safari hii likaachwa likalala. Saa 12 asubuhi mzee akaliwasha boneti ikiwa wazi, mluzi huo hapo. Akachukua chupa ya kupulizia maji, kama zile za saluni, akapuliza kidogo upande wenye mistari. Maji yakizidisha kelele, mkanda unateleza: ama umelegea ama umeisha. Kelele ikikata kwa sekunde chache kisha ikarudi, puli hazijakaa kwenye mstari mmoja. Isipobadilika kabisa, geukia beringi.

Haikubadilika. Mzee akazima, akavua mkanda, akawasha injini kwa sekunde chache tu, maana pampu ya maji nayo ilikuwa imesimama. Kimya. Akazima tena, akazungusha puli moja moja kwa mkono. Ya altaneta ikaenda laini. Ya kukazia mkanda ikakwaruza kama ina mchanga ndani, tena inacheza. Grisi ya beringi ilikuwa imekauka: asubuhi ya baridi inalia, ikipata joto inatulia kidogo. Kifaa chenyewe kinaenea kwenye kiganja.

Je, kijana hana kosa? Analo. Mkanda ukiwa tayari umevuliwa, kuzungusha puli kwa mkono ni kazi ya dakika moja, na hakuifanya. Kwa hilo angesemwa, tena pale pale gereji. Lakini mzembe wa dakika moja na mwizi ni watu wawili tofauti. Wapigaji wa kweli wapo na mjini wanajulikana: wanausugua mkanda kwa sabuni au kuupulizia dawa, kelele inakata mpaka ufike nyumbani, kesho unarudi na pochi yako. Hao hawamwombi mteja aache gari lilale.

Kichekesho ni kwamba klipu ileile ya kumchamba ndiyo dawa aliyokuwa anaitafuta fundi. Ina saa, ina injini ya baridi, AC imezimwa, usukani umenyooka, na mluzi unasikika bila muziki. Angemwonesha kijana simu kabla ya kumwambia abadilishe mkanda, pengine wangeanzia kwenye puli siku ileile. Wenye magari wengi hawafanyi hivyo. Wanafungulia redio mpaka mwisho ili wasisikie, na siku mkanda ukikatika katikati ya barabara, taa nyekundu ya betri inawaka, usukani unakuwa mzito kama jiwe na mshale wa joto unapanda. Hapo sasa analaumiwa Toyota.

Juzi staa kaposti picha na mzee wa Gerezani, kaandika "fundi wa ukweli", mioyo kibao chini yake. Vizuri, mzee anastahili. Kuhusu Kinondoni hajagusa neno. Gereji ile ina vijana wanne wanaogawana kazi za siku, na majirani wanasema tangu klipu itoke wateja wanapita wakitazama geti, wanakwenda mbele.

Hadi jana jioni klipu ya kwanza ilikuwa bado iko hewani, na kijana alikuwa amekaa juu ya tairi nje ya gereji, simu kaizima.