Kumlinda mkunga wa Athi kuanzie Dandora

JICHO LA MTAA
Na Kioko Mwangangi

Maji machafu yanayotoka Gikomba, Kariobangi na Dandora hayaishii Ruai. Mto Nairobi huyamwaga katika Mto Athi, nao Athi hushuka Ukambani, hukatiza Tsavo ukiitwa Galana, na huingia Bahari ya Hindi kaskazini mwa Malindi kwa jina la Sabaki. Mto huo ndio njia ya mkunga, samaki mrefu mwenye umbo la nyoka ambaye wengi wetu huku Eastlands hatumjui. Sokoni tumezoea ngege, mbuta, omena na kamongo. Hata hivyo, uhai wa mkunga unatuhusu, na ni wajibu wetu kumtetea.

Mkunga huzaliwa baharini. Wataalamu wanaamini wale wa upande wetu hutaga mashariki mwa Madagaska. Mikondo ya bahari huwasukuma vibuu hadi pwani, na wakifika kwenye mlango wa mto huwa makinda wembamba wenye mwili mwangavu. Hapo huanza kupanda kuelekea bara, wakitambaa hata juu ya miamba yenye unyevu. Hukaa mtoni miaka mingi, mara nyingi zaidi ya kumi, kisha hurudi baharini kutaga mara moja tu na kufa. Ngege aliyefungiwa bwawani ataendelea kuzaa. Mkunga aliyefungiwa juu ya ukuta wa bwawa hana kizazi.

Kuta hizo tunazo. Mto Tana, ambao pia ni makao ya mikunga, ulizibwa Kindaruma mwaka 1968, kisha Kamburu, Gitaru, Masinga na Kiambere. Kwenye Athi, ujenzi wa bwawa la Thwake ulianza mwaka 2018, na ukuta wake unazidi mita 80. Watu wa Makueni na Kitui wanayahitaji sana maji hayo, na mimi siwapingi. Lakini ukuta wa kimo hicho usipowekewa njia ya samaki, mto unakatwa vipande viwili.

Ulaya imekwisha kuonja uchungu huu. Katika Bahari ya Kaskazini, makinda wanaofika sasa ni takribani 1 kwa kila 100 waliokuwa wakifika miaka ya 1960 na 1970. Mwaka 2007 Umoja wa Ulaya uliziagiza nchi wanachama zihakikishe kwamba angalau asilimia 40 ya mikunga wakubwa ambao wangekuwepo bila madhara ya binadamu wanafika baharini. Mwishoni mwa mwaka 2010 ukafunga biashara ya kuwauza nje. Samaki hao bado hawajarejea, kwa sababu walichelewa kulindwa.

Biashara nayo haikufa. Mashamba ya mikunga ya Asia hutegemea makinda wanaovuliwa porini, kwa maana kuwazalisha kizimbani kwa wingi wa kibiashara bado ni kazi ngumu. Ulaya ilipofunga mlango, wanunuzi waligeukia kwingine, Madagaska ikiwemo. Kutoka Madagaska hadi mlango wa Sabaki si mbali kwa mfanyabiashara mwenye fedha.

Sasa turudi mtaani kwetu. Mkunga ana mafuta mengi na huishi muda mrefu, kwa hiyo sumu ya viwandani na ya jaa la taka hujikusanya mwilini mwake mwaka baada ya mwaka. Anapoanza safari ya kurudi baharini huacha kula na kuishi kwa mafuta hayo, na hapo sumu humwingia damuni wakati ule ule anaotakiwa kutaga. Jaa la Dandora lilifunguliwa mwaka 1975 na lilitangazwa kuwa limejaa mwaka 2001, lakini malori bado yanamwaga, na mvua inapoteremka huosha uchafu hadi mtoni. Uchafu huo ndio unaoelekea Thwake, kwenye maji ambayo ndugu zetu wa Ukambani wataambiwa wanywe. Anayemdhuru mkunga anamdhuru pia mama wa Makueni.

Nina maombi manne. KMFRI, taasisi yetu ya utafiti wa bahari na uvuvi, ihesabu makinda kwenye mlango wa Sabaki na wa Tana kila msimu, kwa maana hatuwezi kusimamia tusichokihesabu. Wajenzi wa Thwake waweke njia ya makinda kupanda na ya wakubwa kushuka salama. Pale ambapo ukuta ni mrefu mno, tuige New Zealand, ambako makinda hunaswa chini ya mabwawa na kupandishwa kwa magari. Serikali isitoe kibali chochote cha kuuza makinda nje kabla ya hesabu hiyo kukamilika. Na Tume ya Mito ya Nairobi, iliyoundwa mwaka 2022, isipime kazi yake kwa taka zilizozolewa na miti iliyopandwa kingoni pekee. Ipime maji yenyewe, na itangaze matokeo kila mwezi kwenye baraza za machifu wa Dandora, Kariobangi na Njiru.

Wewe msomaji unayeishi kando ya mto una la kufanya pia. Ukiona bomba la kiwanda au la ploti likitema uchafu mtoni usiku, piga ripoti NEMA, mamlaka ya mazingira, na umshike mwakilishi wako wa wadi akujibu hadharani. Mto huu hauishii kwetu, na walio chini yake wana haki sawa na yetu.